Muhanga na Nungunungu Warudishwa kwa Msuluhishi

Muhanga na Nungunungu walikuwa wameligombea shimo moja miaka sita, na masika ndiyo hayo yanabisha hodi tena. Hakimu Kiboko, bingwa wa miayo, akafunga jalada.

"Rudini kwa msuluhishi."

"Mheshimiwa, si ndiko tulikotoka!" Muhanga akalia.

"Basi njia mnaijua."

Msuluhishi alikuwa Kakakuona, ambaye sauti zikipanda tu hujikunja duara. Zikapanda, akajikunja. Wakakaa kumngoja, wamechoka hata kutukanana.

"Ndugu yangu," akasema Nungunungu, "wewe kuchimba ndiyo kazi yako. Mbona miaka yote hii hukuchimba lingine?"

"Wakili alinikataza. Eti nikichimba, nimekubali kushindwa."

"Makubwa! Wangu naye alisema nikikukaribisha tulale wote, nimeshindwa mimi."

Wingu likanguruma. Wakatazamana, wakanyanyuka, wakaenda kuingia shimoni pamoja.

"Geuzia hiyo miiba ukutani, bwana," akasema Muhanga, akasinzia.

Kakakuona alipojikunjua, alikuta ukumbi mtupu. Akashusha pumzi, akaandika: "Wadaawa hawakuhudhuria. Shauri lirudi mahakamani."