Mlango Umehama

"Papa Alexis, tuache kujazana chini ya kikapu. Wanatuua kwa mitupo ya mbali," nahodha alisema, jasho likimdondokea viatuni.

Timu yao ya mpira wa kikapu ilikuwa mbele kwa pointi moja, zimebaki sekunde tisa, na mchezo ulikuwa umesimamishwa kwa muda. Mkuu wa chuo alishamwambia kocha Alexis: tukifungwa, rudi kwenye ulinzi wako wa getini, mtaani Hillbrow.

Ulinzi! Neno lililowalisha wanawe, leo limekuwa tusi.

Akaingia uwanjani na mabuti yake ya kazini, akaukanyaga mstari wa pointi tatu.

"Mlinzi analinda mlango. Wameuhamisha mlango, basi na sisi tunahamia hapa. Asirushe mtu!"

"Eish, papa! Na wakitupita?"

"Watupite kwanza."

Filimbi ya kurudi mchezoni ikalia.