Behewa la Yatima

“Weka mukono hapa,” Malachie alisema, akaisukuma Biblia hadi ukingoni mwa meza. “Bila kiapo, siandiki.”

Agar alijipangusa mkono kwenye kitenge. Ulikuwa bado na unga wa uji. Kando yake alisimama msichana aliyebeba mtoto.

Nje, kichwa cha treni kilikuwa kimeshawashwa. Stesheni yote ya Kamina ilijaa watu wa Kasai waliofukuzwa majumbani mwao. Walilala sakafuni, walilala chini ya plastiki kando ya reli, wakingoja kupelekwa kwenye nchi ya baba zao, nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Familia zilisafiri kwa namba. Wiki ile walikuwa wameitwa hadi namba sabini, na daftari lilikuwa limepita mia nne. Lakini surua haikungoja namba. Tangu asubuhi, kamati ya kanisa ilikuwa imezika watoto watatu.

Kamati ilifanya ilichoweza. Ilipika uji mara mbili kwa siku, ikachota maji, ikagawa mablanketi mpaka yakaisha. Tena ilipigania jambo moja kwa wakubwa wa treni, ikalipata: yatima wasiokuwa na baba wala mama waende kwanza, bila namba. Leo walipewa nafasi kumi na mbili. Zilibaki mbili.

“Shida yangu iko moja,” Malachie alisema. Alikuwa mwalimu kabla ya shule kufungwa, sasa alishika daftari la kamati, na bado aliuliza kama mwalimu. “Juzi balituletea yatima bane. Kumbe baba yabo alijificha nyuma ya choo. Bale bote niliwarudisha mwisho wa daftari. Na hawa, kama ni uongo, nitafanya vile vile.”

“Hawa ni yatima kweli,” Agar alisema.

Lise, aliyepika naye jikoni, alicheka mlangoni, mwiko begani. “Mupishi wetu sasa iko avoka, wakili kabisa! Yaya, dada yangu, utaapa juu ya batoto wa bantu bengine? Ulibaona wapi mbele ya kufika hapa?”

“Kabondo-Dianda. Minyi mwenyewe natoka kule.”

Hilo lilijulikana. Agar alifika Kamina wiki tatu zilizopita akiwa peke yake, bila mume wala mtoto, akaomba kazi yoyote kwa ajili ya Mungu. Kamati ikamweka kwenye masufuria, kwa kuwa alisema Kiluba kama wenyeji na hakuchoka.

Malachie alimgeukia msichana. Jina lake Bilonda, mwenye miaka saba, na mgongoni alimbeba mdogo wake Mbiya, ambaye hajaanza kutembea.

“Baba yako?”

“Balimuua.”

“Na mama?”

“Mama yetu alikufa Kabondo-Dianda, wakati wa mvua, kwa homa.” Alilisema lote kwa pumzi moja, kama mtoto anayesoma aya ya Jumapili mbele ya kanisa.

“Nani alimuzika?”

Msichana alitazama miguu yake. “Mama Agar.”

Sasa wote walimtazama Agar. Mkono wake ulikuwa juu ya Biblia. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa kitabu kama hiki, herufi moja baada ya nyingine, na tangu siku ile hakuwahi kukitumia kwa neno asilolijua kuwa kweli. Huko Kabondo-Dianda hakumzika mwanamke yeyote. Bwana, aliomba moyoni, geuza uso wako kidogo tu. Kisha unirudi unavyotaka.

Treni ilipiga honi.

“Naapa,” alisema. “Mama yabo alikufa. Minyi njo nilimuzika.”

Malachie alivuta daftari karibu. Halafu akachovya kalamu, akaandika majina mawili, akafunga daftari.

Walikimbia hadi kwenye behewa. Marie-Thérèse, mjane aliyepewa kuwasindikiza yatima, alinyoosha mikono toka mlangoni. Agar alimfungua Mbiya mgongoni kwa dada yake, akampandisha.

“Huyu hapendi kulala chali,” alisema, na maneno yalimtoka haraka haraka. “Mulaze ubavu. Uji wake uupoeze sana. Akilia, mupige mugongo polepole, atanyamaza.”

“Mama Agar, niko na bajukuu tisa,” Marie-Thérèse alisema. “Acha tu.”

Bilonda alipanda peke yake. Alikaa akitazama upande wa pili wa behewa, shingo imekakamaa, na hakugeuka hata mara moja. Mbiya ndiye aliyegeuka. Alinyoosha mikono juu ya bega la mjane, akaanza kupiga kelele.

Magurudumu yalisogea. Agar alitembea pamoja na behewa, kisha akakimbia, mpaka sakafu ya stesheni ikaisha. Kilio cha mtoto kilipita juu ya mlio wa vyuma, kikawa chembamba, lakini bado kilisikika.

Lise alimfikia akihema. Hakucheka tena. Alimshika mkono.

“Yaya, usilie. Bamefika kwenye treni, hawatakufa hapa. Mungu ameona.” Alitikisa kichwa kwa mshangao. “Mwanamuke ambaye hajazaa, kumbe anaweza kusikia uchungu wa batoto wa bantu namna hii!”

Agar alikunja mikono upesi juu ya kifua, lakini maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi, yakishuka hadi kwenye kitenge.