Mvua Isiyoingia Ndani

Mvua ilikuwa inanyesha sebuleni kwa Kobe. Paa zima, madirisha yamefungwa, na maji yanashuka tu mpaka mezani.

"Wingu, mvua yako haina adabu," Kobe aliandika. "Inaingia kwa watu bila hodi."

Fundi aliisoma sentensi ile kwenye kompyuta. Zamani angecheka. Aliandika, "Nitairekebisha," na maneno yakaenda kwa jina la mwanawe.

Wingu ndivyo mwanawe alivyojiita ndani ya mchezo. Ni mchezo usio na kushinda wala kushindwa: unapewa ardhi tupu, unajenga unachotaka. Wingu na Kobe walijuana humo, kila mmoja akiwa kitandani katika wodi ya mji wake, wote wanaumwa moyo. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Siku moja Kobe alilalamika kwamba amekaa ndani mpaka amesahau mvua ilivyo, na mvua ya kwenye mchezo ni kama bomba la bafuni. Wingu akaahidi kumtengenezea ya kweli. Akafariki kabla hajaimaliza.

Baada ya maziko, ujumbe wa Kobe uliingia kwenye kompyuta ya Wingu. "Uko wapi? Umepata nafuu?"

Baba mtu akajibu, "Nipo." Hakuwa amepanga. Tangu hapo hakujua pa kutokea.

"Mwenzangu, mwambie mtoto wa watu ukweli," mkewe alisema, amesimama mlangoni.

"Anasubiri upasuaji. Nimwambie rafiki yake kafa?"

"Na akija kujua baadaye?"

"Akijua baadaye, atakuwa hai."

"Chakula kinapoa," mkewe akasema, akaondoka. Hakuwa amekasirika. Nyumba nzima ilikuwa hivyo siku hizo: watu wanaoga, wanakula, wanafunga milango, basi.

Fundi alikuwa mtengenezaji wa majokofu. Kila akitoka kazini aliketi kwenye kiti cha mwanawe, magoti yakigusa meza, akabadilisha namba moja katika maelekezo ya mchezo na kutazama kimeharibika nini. Mara ya kwanza alimwaga ukungu dunia nzima, hata ng'ombe wakapotea. Mara ya pili akaleta upepo uliong'oa nyumba ya Kobe na kuiacha milango yake imesimama.

"Sasa nina milango bila nyumba," Kobe aliandika. "Angalau wageni watabisha."

Halafu akauliza, kama kawaida yake, "Umekula? Dawa umekunywa?"

"Ndiyo," Fundi alijibu. Hakuwa amekula.

Katika ujumbe wa zamani, Kobe alikuwa mtundu, anaandika ovyoovyo, anamtania kila mtu mpaka madaktari. Siku hizi aliandika taratibu, na nukta aliziweka mahali pake. Fundi aliona ni ugonjwa tu. Hata mwanawe ulikuwa umemkomaza kabla ya wakati.

Mvua ya kweli iliponyesha, Fundi alitoka akasimama uani. Jirani alimwangalia kupitia dirishani, akafunga pazia. Fundi alikuwa anatazama jinsi upepo unavyotangulia, jinsi matone ya kwanza yanavyoanguka mojamoja, makubwa, kama yanajaribu ardhi, na jinsi paa linavyoendelea kudondosha maji hata mvua ikishakatika. Baridi hakuihisi. Alijua ipo kwa sababu meno yake yalikuwa yanagongana.

Jumapili moja mchana kazi ikaisha. Alimwita Kobe.

Kikatuni chenye gamba la kijani mgongoni kikatoka nyumbani kwake, kikasimama uwanjani. Upande mmoja wa anga ukawa mzito. Majani yakalala. Tone likaanguka, likafuata jingine, kisha mvua ikashuka kwa ulalo, ikisukumwa na upepo, na kuku wakakimbilia ukutani. Kikatuni kikaingia ndani. Humo ndani mlikuwa mkavu. Juu, bati likawa linanguruma.

Kikatoka tena. Kikasimama mvuani, hakijengi, hakitembei.

"Imekaaje?" Fundi aliandika.

Alingoja, mikono juu ya meza. Machozi yakaanza kumtoka, ya kwanza tangu makaburini, naye hakuyafuta. Mvua ya kwenye kompyuta ikaanza kupungua, paa likabaki kudondosha.

Ndipo maneno yakaingia.

"Ni mvua kabisa, mwanangu. Kobe angeipenda sana. Mimi ni mama yake. Kabla hajafariki aliniomba nisikwambie mpaka upate nguvu."