Ghala la Mahindi Lasomwa

Siku hizi huruhusiwi kubomoa ghala la zamani kabla halijasomwa. Mbao hukumbuka kila zilichobeba, na sheria inataka wenyewe wasikie. Basi Jumanne msomaji alifika kwetu Kitale, akabandika kifaa chake kwenye ukuta wa ghala la mahindi alilojenga baba. Mimi na mama tukakaa nje kusikiliza.

Akaanza kusoma: mahindi, maharagwe, kuku aliyeatamia kwenye kona, panya wasio na idadi. Mama akacheka. Kisha msomaji akafika mwaka niliozaliwa.

“Limejaa hadi juu,” alisema. “Tangu mavuno mpaka mvua.”

“Rudia,” nilimwambia. “Umekosea mwaka.”

Akarudia. Ulikuwa mwaka uleule.

Mimi naitwa Nanjala, jina ambalo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Kaka yangu Wekesa alikufa kwa njaa hiyo, mimi nikiwa bado mgongoni. Maisha yangu yote nimeambiwa ghala lilikuwa tupu. Sasa hayo mahindi yalikuwa ya nani? Yaliwekewa nini, ikiwa hayakuliwa? Baba mwaka huo wote alikuwa Uganda akitafuta kazi.

Nilimgeukia mama. Hakunitazama. Mkono wake ulikuwa shingoni, ukitafuta kamba ya ufunguo wa ghala, ambayo hajaivaa kwa miaka mingi.

“Mwanangu,” alimuuliza msomaji kwa upole, “halijasema ufunguo alikuwa nao nani?”