Jiko la Mzee Kontena

Mbwa wa jirani alikinusa kipande cha nyama, akamtazama Sekela, kisha akaondoka zake bila kukigusa.

Afadhali angetukanwa. Mbwa yule hula hata kandambili. Sekela akaligeukia jiko alilouziwa wiki iliyopita, pipa lililopasuliwa katikati na kuchomelewa miguu ya nondo, akaamini kwamba kauziwa mkosi.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya baba mkwe. Tangu mwaka jana mzee alikuwa ameteremka kutoka Tukuyu na kufikia Mbagala kwa wifi yake Sekela, Herieth. Kila Jumapili Sekela alimpikia, na mumewe, Isack, akapeleka chakula. Hotipoti zilirudi zimejaa.

"Mzee anaonja tu, anasema kashiba," Herieth alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayefurahi. "Labda ingekuwa nyama choma. Ila wewe kuchoma hujui."

Kumuuliza mzee mwenyewe haikuwezekana. Kwa Wanyakyusa wa aina ya mama yake Sekela, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huchepuka. Wengi mjini wamelegeza, Sekela hakulegeza. Hata harusini mzee hakuja. Aliwakilishwa na mdogo wake, na bibi harusi akashukuru. Miaka minne ya ndoa, Sekela hakujua kama mkwewe ni mrefu au mfupi. Alichojua ni kwamba siku ya Pasaka mzee angekuja Kinyerezi kula kwenye nyumba yao mpya, na kama angeonja tu na kushiba tena, Herieth angekuwa na la kusimulia mpaka kiyama.

Jumamosi akavaa viatu vya kwendea ugomvi, akaenda Kurasini kwa aliyemuuzia jiko.

Madereva wa malori walimwita Mzee Kontena, kwa sababu alichomea nyama ubavuni mwa yadi ya makontena. Kila dereva alidai mzee ni wa kwao, na yeye hakumbishia yeyote, maana wote walikuwa wateja. Alikuwa amejipatia jiko kubwa zaidi, ndiyo maana akaliuza lile la zamani.

"Shikamoo mzee. Jiko lako bovu."

"Marahaba. Jiko halina mdomo, ndo maana unalisingizia. Ulichomaje?"

Sekela akaeleza. Mzee alicheka mpaka akaegemea kontena.

"Uliweka nyama, moto ukiwa bado unawaka? Binti, huko si kuchoma, huko ni kuteketeza ushahidi. Hebu shika koleo."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Sekela alimuaga Isack kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, akateremka Kurasini. Mzee Kontena hakuwa mwalimu mpole. Alimshika kiganja na kukiweka juu ya wavu apime joto. Alimchapa kifundo cha mkono kwa kipande cha boksi la kupepelea kila alipoidonoadonoa nyama. Alimfundisha kusubiri mkaa uvae majivu meupe, na kuinyunyizia nyama ndimu kwa kitita cha mchaichai, ujanja alioapa kwamba hakuna mchomaji mwingine mjini anaoujua. Kisha walikula pamoja kwenye sinia moja, wakigombania mbavu.

"Una mkono mzito wa chumvi," mzee alilalamika kila mara. "Mumeo bado yu hai?"

"Na wewe mzee, kwenu hawakutafuti?"

"Wanajua niko kwenye maombi." Mzee alifyonza mfupa. "Watoto wa siku hizi, ukifika umri huu wanataka ukae kwenye kochi unyweshwe uji. Mie maombi yangu ni hapa hapa. Tena nikirudi nyumbani nimeshiba baraka, sitaki hata kijiko."

Sekela alimpenda mzee yule. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na hakuwahi kupata mtu mzima wa kumcheka namna ile bila kumuumiza. Alipanga Pasaka ikipita salama ampelekee zawadi ya aproni mpya, maana ile ya zamani ilikuwa na matundu kama wavu.

Pasaka ikafika. Sekela alijificha nyuma ya nyumba na jiko lake, khanga kichwani, mgongo ameuelekeza dirishani. Alisikia geti likifunguliwa, Herieth akicheka ovyo, kisha viti vikivutwa sebuleni. Mkaa ulikuwa umevaa majivu. Alinyunyizia ndimu kwa mchaichai, akageuza kila kipande mara moja tu, na Isack akaja kuchukua sinia.

Sekela akaacha kupepea, akatega sikio. Halafu akasikia kiti kikianguka, mlango ukibamizwa, na Herieth akiita, "Baba! Baba, unakwenda wapi?"

Isack akatokea nyuma ya nyumba, mikono mitupu.

"Kala?" Sekela aliuliza, nusura alie.

"Sijui nisemeje. Katafuna kipande kimoja, akasimama, akajifunika uso kwa kofia, akatoka mbio na sinia zima. Herieth anamkimbiza huko barabarani."

"Hajasema kitu?"

"Kasema nikwambie mkono wako wa chumvi bado mzito."

Koleo likamponyoka Sekela.

"Halafu kasema Jumamosi usije," Isack aliendelea, akijikuna kichwa. "Kwani mzee naye yumo kwenye kwaya yenu?"