Mkono wa Mzee Semkiwa

"Binti wa Kihiyo hanigusi!" alifoka Mzee Semkiwa, akizing'oa kifuani nyaya za kipimo cha moyo. "Baba yako kanidhulumu shamba, sasa wewe unaitaka roho yangu?"

Daktari Namsifu, binti huyo, alisogea karibu na kitanda. Katika mji ule hapakuwa na daktari mwingine wa moyo, na karatasi ya kipimo aliyoishika ilionyesha kuwa mshipa mmoja wa mzee ulikuwa umeziba.

"Mzee wangu, nichukie utakavyo, lakini lala."

"Bora nife!"

Alishuka kitandani, akapiga hatua mbili, akaanguka kama gunia. Namsifu alimgusa shingoni. Mapigo hayakuwepo.

Kwa kitambo kidogo alimtazama tu. Alimkumbuka baba yake akirudi nyumbani na kichwa kilichopasuliwa na mtu huyuhuyu kwa mpini wa jembe. Kisha akapiga magoti, akapanga viganja juu ya kifua kile na kukikandamiza kwa nguvu zake zote, huku akimwita nesi alete mashine ya kushtua moyo. Ubavu mmoja ulivunjika chini ya mikono yake, naye akaendelea.

Baada ya mshtuko wa pili mzee alivuta pumzi, akafumbua macho na kumwona.

"Nani kakutuma?" alinong'ona kwa chuki.

Namsifu alikuwa amemshika kifundo cha mkono, akisikiliza mapigo kwa vidole. Mzee akauvuta mkono wake, lakini nguvu hakuwa nazo. Akauvuta tena, na Namsifu hakuuachia.