Kijiko cha Shebe

Mwanakheri alikwenda kwenye makumbusho ya jeshi la majini baada ya kusikia kuwa meli iliyozama na mumewe, Shebe, imewekewa chumba chake. Watu wa mtaani walishachoka kumsema, maana hakukubali kukaa eda. "Nileteeni maiti," alikuwa akiwaambia, "au mnyamaze."

Zamda, mtunza chumba, akamwongoza hadi kwenye kabati la kioo. "Hivi wazamiaji wamevitoa chini kabisa, mama. Vitu vya mabaharia wenyewe."

Mwanakheri akainama. Kati ya vikombe na vifungo palikuwa na kijiko cha bati chenye tundu kwenye mpini. Tundu lile alilitoboa yeye kwa msumari, jikoni kwake, akapitisha uzi. "Kivae shingoni," alimwambia Shebe, "maana kila safari warudi huna kijiko." Shebe akacheka kama mtoto, akakivaa, akaenda.

"Unakijua, mama?"

"Hakukivua hata akienda kuoga," akasema taratibu. "Aliapa hatanirudia bila hiki."



"Inna lillahi," akanong'ona Mwanakheri, "wa inna ilayhi rajiun." Akavua kipuli cha dhahabu sikioni, kwa kuwa mwenye eda hajipambi. Cha pili kikakataa kutoka, kimeganda kwa kukaa mno.

"Nisaidie, mwanangu."

Zamda akasogea, akaanza kukilegeza polepole. Mwanakheri akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na pumzi yake ikakifunika kijiko, ikakifunua, ikakifunika.